Kikohozi Katika Nyumba ya Mtu Aliyefaulu

Kwanza naomba mnivumilie. Niliishia darasa la nane, na hata huko siku za mavuno nilikuwa natolewa darasani, kwa hivyo kuna maneno nitakayoandika vibaya, na mwandiko wangu unapanda juu kabla mstari haujaisha. Naandika polepole. Nikipata nusu ukurasa mkono unachoka, naacha, narudi kesho yake. Aliyeniomba niandike ni sista wa kliniki ya kifua kule Embu. Anataka maneno ya mtu aliyepona TB yawekwe pale kwenye benchi, wayasome wale wanaoanza dawa. Aliniambia, "Andika vile unaongea." Nikamwambia mimi siongei. Akasema, "Basi andika vile unanyamaza."

Nyumbani tunaongea Kimeru, lakini kwenye lile benchi kulikuwa na Waembu, Wambeere, Wakamba na wengine, kwa hivyo nimeandika Kiswahili ili kimfikie kila mtu.

Kwetu ni kando ya Kianjai na kazi yetu ni miraa. Baba alikuwa na miti mingi, mingine ilipandwa na babu yake. Alikuwa na pikapu, nyumba ya mawe na geti lililopakwa rangi ya fedha. Watu walimwita mtu aliyefaulu na yeye hakuwakataza. Wakati wa chakula alipenda kutuambia kwamba watu ni wa aina mbili, waliofaulu na wanaofurahi. "Anayefurahi," alisema, "ni yule hana kitu cha kulinda." Mfano wake ulikuwa mmoja kila mara, dada yake Kagendo, ambaye aliolewa na Salim, Mwislamu anayeuza nyama mjini Embu, akabadili dini, na jina lake likaacha kutajwa kwetu isipokuwa kwa ubaya. Mtoto akicheka sana mezani, Baba aliuliza, "Unataka kufurahi kama Kagendo?" Katika nyumba yetu hilo lilikuwa tusi.

Mimi ni wa pili, jina langu Mutuma. Wa kwanza ni Koome, ndugu yangu, ambaye ana mke na watoto wawili wadogo na ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu. Mimi nilikuwa mchumaji. Kazi hiyo inataka mtu mwepesi, kwa sababu machipukizi mazuri yako juu kabisa, kule matawi ni membamba. Mtu mzito akienda huko anashuka pamoja na tawi.

Nilianza kukohoa wakati wa baridi, mwezi wa saba. Baba naye alikuwa anakohoa, tena tangu mwaka uliotangulia. Kikohozi chake kiliitwa vumbi la barabara. Changu kiliitwa baridi. Nikilala nilitoka jasho mpaka shuka linakamulika, na asubuhi Mama alilianika nyuma ya nyumba bila kuniuliza kitu. Suruali ilianza kunishuka nikaifunga kwa kamba ya mgomba, ile ile tunayofungia miraa.

Hapa nataka mnisikie vizuri, hasa watu wa kwetu. Hakuna aliyeona ugonjwa. Waliona faida. Kadiri nilivyokonda ndivyo nilivyopanda juu zaidi, na matawi ambayo hayakuwahi kunibeba yakanibeba. Baba alisimama chini akitazama juu akawaambia wachumaji wengine, "Mnamwona Mutuma? Ameacha kula kama fisi. Sasa amekuwa mwepesi vizuri."

Mmoja wao akasema, "Mzee, huyu ukimpulizia anapaa."

"Apae na gunia," Baba akasema, na wote wakacheka.

Nami nilicheka huko juu. Baba hakuwa amewahi kunisifu mbele ya watu. Jioni chakula kikinishinda, kikibaki kwenye sahani, alikisifu hicho kilichobaki. Alimwambia Mama, "Usimlazimishe. Mti haupendi mtu wa tumbo."

Ilifika asubuhi moja nikiwa juu ya mti mkubwa karibu na geti, kikohozi kikanishika. Nilikumbatia tawi kwa mikono yote miwili ili nisianguke, nikatema damu. Ilidondoka kwenye majani mapya na kwenye mafungu niliyokuwa nimeyaning'iniza kiunoni. Baba alikuwa chini. Aliangalia majani kwanza. Halafu akaniita, "Umegusa mafungu mangapi tangu asubuhi?"

Nilikuwa nangoja aniulize kama naweza kushuka.

Kwa wasiojua, miraa haioshwi. Inatoka mtini, inafungwa, inafunikwa kwa majani ya mgomba, inakimbizwa Nairobi, na mtu anaitia mdomoni vile ilivyo. Mchumaji akijulikana ana kifua, hakuna mnunuzi atasimama tena kwenye geti lenu. Baadaye sista alinieleza kwamba ugonjwa huu unapita kwa hewa, haupiti kwa majani wala kwa vyombo, lakini wanunuzi hawaendi kumuuliza sista. Baba alitoa miraa yenye damu akaichoma nyuma ya choo. Ile nyingine akaifunga, na Koome akaipeleka.

Nilihamishiwa stoo ya magunia, isiyo na dirisha. Kikombe changu kilichorwa alama kwa msumari ili kisichanganyike na vingine. Mama aliweka sahani mlangoni akarudi nyuma kabla sijafungua. Wanunuzi wakija niliambiwa nikitaka kukohoa niweke uso ndani ya gunia. Nikiwa humo nilimsikia Baba huko nje akikohoa bila kujificha, na mnunuzi akimwambia, "Pole mzee, hili vumbi litatumaliza." Jioni walikaa sebuleni, milango na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, Baba akiomba sala ndefu na kukohoa katikati ya sala, watoto wa Koome wamekaa magotini pake. Mimi ndiye nilikuwa nimetengwa.

Kwenye zahanati ya karibu sikupelekwa, kwa sababu majirani wangeniona. Baba alimpigia simu dada yake. Nilimsikia kupitia mabati. Hakumwamkua. Alisema, "Kagendo, nakutumia Mutuma. Ana kifua." Akamsikiliza, halafu akasema, "Si wewe ndiye huna cha kupoteza?"

Shangazi anaishi mtaa wa Dallas, hapo mjini Embu, na majirani wa pale plotini wanamwita Mama Rukia. Ni mwanamke mkubwa mwenye sauti. Aliponiona mlangoni alisema, "Ala! Wametuma kijana ama wametuma nguo zake?" Akacheka peke yake, halafu akakaa kwenye ngazi akalia, akijifuta kwa ncha ya buibui. Mume wake Salim alisimama mbali akiwa bado na aproni ya kazi.

"Salamu baadaye," alisema. "Kwanza sikiza. Utalala chumba cha nyuma. Dirisha halifungwi, mvua inyeshe, jua liwake. Na buchari usikanyage kabisa. Watu wa nyama wakisikia kitu kama hiki nitauzia paka."

"Unamtisha mtoto," Shangazi alisema.

"Simtishi. Namwambia mahali kitanda kilipo."

Benchi la kliniki liko nyuma ya hospitali, chini ya mabati yasiyo na kuta, ili upepo upite. Siku ya kwanza nilipewa kikopo nikaambiwa nitoe kohozi la kutoka chini, si mate. Kwa mtu mwenye aibu kama mimi, kukohoa na kutema watu wakitazama ni kazi kuliko kupanda mti. Nilizunguka nyuma ya tangi la maji. Sista alinifuata akanigeuzia mgongo, akaanza kunihadithia habari za kuku wake wasiotaga, mpaka nikamaliza. Jambo dogo kama hilo bado nalikumbuka. Walinipima na ule ugonjwa mwingine pia, ule mnaoujua. Sikuwa nao, lakini nilivyongoja jibu nilisahau kukohoa.

Dawa za kwanza zilianza mvua za mwezi wa kumi zikikaribia. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba zinageuza rangi ya mkojo. Niliingia choo nikaona umekuwa kama maji ya karoti, nikajua nimekwisha, nikakaa humo ndani. Salim akabisha.

"Umefia huko?"

"Natoa damu," nikasema.

"Damu ya wapi?"

Nilipomweleza alicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Alikuwa na shemeji aliyewahi kumeza dawa hizo. "Hiyo ni rangi ya vidonge, wewe. Hata machozi yatatoka hivyo. Toka, watu wana haja zao."

Na kweli machozi yalitoka hivyo, yakaacha alama kwenye mto. Magoti yaliuma, nyayo ziliwaka kama nimekanyaga pilipili, na kila asubuhi nilipigana na vidonge visirudi. Halafu wiki zilivyosonga njaa ikaja, njaa isiyo na adabu, nikawa naamka kabla ya adhana nikingoja uji. Kila Ijumaa Salim alirudi na maini kwenye gazeti, akayatupa mezani. "Kula. Usiniangalie hivyo, yalibaki." Shangazi aliniambia jikoni kwamba maini hayabaki hata siku moja, ndiyo yanakwisha kwanza.

Pale kwenye benchi kulikuwa na mwendesha boda kutoka Kanja, anaitwa Njiru. Mdomo wake haukupumzika. Alikuwa akituambia sisi ndio wateja wakubwa wa hospitali. "Hao wengine wanabanana huko ndani. Sisi tumewekewa upepo wetu." Mimi aliniita Meru.

"Wee Meru, ukipewa uchague. Uwe tajiri na hii TB, ama uwe maskini na kifua kizima?"

"Mimi nachukua pesa," akajijibu. "TB inatibiwa bure. Umaskini, sijaona sindano yake."

Kulikuwa na bibi mmoja wa Mbeere aliyevaa sweta mbili. Akamgeukia. "Wewe mtoto, mimi nilikuwa na mbuzi wengi nikakohoa. Mbuzi wakaisha, bado nakohoa. Tofauti ni kwamba wakati wa mbuzi nilikohoa nikiwa na wageni."

"Na sasa, cucu?"

"Sasa nakohoa nikiwa na wewe. Hiyo ndiyo hasara."

Tulicheka, na kucheka kukatuamsha vifua, benchi zima likakohoa, na sista akatoka akiuliza nani anawachekesha wagonjwa wake. Mimi nilikuwa nimecheka kwa sauti. Mara niligeuka kuangalia nyuma, kama Baba yuko karibu.

Mvua zilipokatika Njiru alijiona na nguvu, akaacha kuja. Alirudi Kanja kwenye boda yake. Sista alipiga simu, akapiga tena. Karibu na Krismasi aliletwa na mama yake, ameshikwa kwapa upande mmoja kama mtoto anayejifunza kutembea, akaanza dawa upya tangu siku ya kwanza. Alikaa mwisho wa benchi. Hakuniita Meru wala kitu kingine. Ninyi mnaoanza, mtafika mahali mtajiona mko sawa. Mkifika hapo, mwangalieni Njiru, kama bado anakuja.

Habari zangu zilifika mjini pia. Mtu aliniona kwenye benchi, akamwambia mwenye hoteli aliyekuwa akinunua nyama kwa Salim kila siku, na hoteli ikaenda kwa mwingine. Siku hiyo Salim aliingia akatupa aproni sakafuni.

"Wameniacha! Kwa sababu ya mtu ambaye baba yake hata simu hapigi!"

"Basi mfukuze," Shangazi akasema.

"Nimesema nimfukuze?"

"Basi nyamaza."

Hawakusemezana kwa siku nyingi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia yote, na Salim alijua nasikia. Ijumaa ilipofika maini yalikuja, lakini hakusema yamebaki. Aliyaweka mezani akatoka. Baba alidanganya aliposema Kagendo hana cha kupoteza. Alikuwa nacho na nilimwona akikipoteza. Niliwaona wakigombana na niliwaona wakicheka mpaka Shangazi anashika ukuta. Nyumbani sikuwahi kuona Baba na Mama wakifanya lolote kati ya hayo.

Siku moja sista aliniuliza, "Kwenu nani mwingine anakohoa?"

Nikanyamaza.

"Mutuma, wewe ukinyamaza najua kuna jibu."

"Baba."

"Alianza kabla yako ama baada?"

"Kabla. Mwaka mzima."

Aliweka kalamu chini. "Basi hukuupeleka wewe nyumbani. Uliukuta huko. Wote wapimwe, na watoto kwanza."

Miezi yote hiyo nilikuwa najiona mimi ndiye uchafu wa ile nyumba. Nilirudi Dallas nikapiga simu nyumbani. Baba alinisikiza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Umemwambia nani?"

"Sista tu."

"Mimi nina vumbi. Mwenye ugonjwa ni wewe." Akampa Koome simu. Koome akasema, "Sikiza Mutuma. Wewe pona huko, furahi na shangazi yako. Hapa watu wanafanya kazi."

Nilimaliza vidonge wakati wa kiangazi, ile miezi jua linakausha mpaka miraa inakuwa adimu na bei inapanda. Sista aliniambia kifua ni safi. Shangazi alinichinjia kuku na Salim akanipa suruali yake moja, kwa sababu zile zangu za zamani hazikupita mapajani. Nilifurahi, nalisema bila aibu. Nikarudi nyumbani nikiwa na kikopo kitupu cha makohozi mfukoni, sista alinipa nimpelekee Baba.

Baba alikuwa amekaa karibu na geti, amevaa jaketi na sweta katika lile jua. Mifupa ya uso ilikuwa imetoka nje. Aliniangalia kuanzia miguuni.

"Umenenepa," alisema. "Sasa utapanda nini?"

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa. Mama aliniletea chai katika kikombe kile chenye alama ya msumari. Nilimwambia nimepona, akasema anajua, lakini hakukibadilisha kwa sababu Baba alikuwa anatazama.

Nilingoja wanunuzi waondoke ndipo nimpe kikopo, lakini hakungoja. Alikiona mkononi mwangu akakichukua, akakiinua mbele yao. "Mnaona? Watoto wa wengine wanawaletea gari. Mimi nimeletewa kikombe cha kutemea." Wakacheka. Mmoja, aliyeambiwa kwamba nilikuwa Embu kutafuta kazi, akauliza kama huko wanapeana na sahani.

Walipokwisha kuondoka alinifuata stoo, akafunga mlango. Alikuwa anahema kama ametoka mbio.

"Unajua nikikaa kwenye benchi kama hilo nini kinatokea? Hakuna gunia linatoka hapa tena. Koome atalisha watoto na nini? Na furaha?"

"Si lazima ukae hapa Kianjai. Nenda Embu, hakuna atakayejua. Dawa ni bure. Shangazi ana chumba." Sijawahi kumwambia Baba maneno mengi namna hiyo.

"Nikalale nyuma ya buchari kwa Kagendo? Mimi?" Aliketi juu ya gunia. Nilidhani anafikiria. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. "Kufa kila mtu anakufa," alisema. "Kushuka ndiyo aibu."

Akaniachia kikopo juu ya gunia.

Mvua za mwezi wa nne zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja tulichuma katika mvua, yeye akisimamia kutoka barazani, amefunikwa blanketi. Karibu na adhuhuri, pikapu imeshapakiwa magunia na Koome ameshawasha, Baba alikohoa na damu ikatoka nyingi. Aliikinga kwa kofia yake na kofia haikutosha. Mama alipiga mayowe. Koome aliruka chini, ufunguo mkononi.

"Mwingize mbele!" nilimwambia. "Twende hospitali!"

Hospitali ni upande mmoja na gari la kupeleka miraa Nairobi lilikuwa likingojea magunia upande mwingine. Miraa ikichelewa siku hiyo, kesho ni majani ya mbuzi. Sote tulijua hivyo. Baba aliinua mkono.

"Mzigo kwanza," akasema.

"Koome, hospitali."

"Mzigo kwanza. Usinyauke."

Koome alimwangalia, akaniangalia mimi. Halafu akaingia ndani ya pikapu akaenda na mzigo.

Nilikimbia barabarani nikapata kijana wa boda, akanifuata mpaka kwenye geti. Alipoiona damu barazani aligeuza pikipiki. Sikumlaumu, tope lilikuwa hadi kwenye pedali na mtu wa namna ile hawezi kukaa nyuma. Nilirudi nikamshika Baba kichwa na Mama akamshika miguu. Majirani walisimama chini ya miavuli. Mvua ilikuwa inanyesha kama imemwagwa, na bado nilimsikia mmoja akisema, "Ni hili vumbi."

Mzigo ulifika kwa wakati. Koome aliporudi Baba alikuwa ameshafunikwa blanketi mpaka juu.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kulikuwa na mahema, vipaza sauti na magari mpaka barabara ikazibwa. Katika historia yake ilisomwa kwamba alisumbuliwa na presha kwa muda mfupi. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema ni mtu aliyefaulu. Sikuweza kuwabishia, kwa sababu nyumba ya mawe walikuwa wanaiona, geti walilipitia na pikapu ndiyo ilibeba jeneza. Ndugu zake wote walitajwa isipokuwa Kagendo. Alikuwa amekaa nyuma kabisa na Salim. Walileta mbuzi na Koome akasema apelekwe nyuma ya jikoni. Shangazi aliniuliza, "Alikohoa muda gani?" Nilipomwambia, alijifunika uso. Salim ndiye alisema, "Angekuja tu. Ningemtukana, lakini angelala."

Watu wakikaa huwa wanabishana, kipi bora, kufaulu ama furaha. Mimi sina elimu ya kubishana. Nilichokiona ni kwamba kwetu kufaulu kulikuwa na mlango mmoja wa kuingia, na hakukuwa na wa kutokea hata kwa mgonjwa. Na huko nilikopata furaha kidogo, niliipata kwa watu walioumizwa na kuja kwangu, na waliniambia hivyo usoni. Hakuna upande niliopewa bure.

Mama nilimpeleka Embu siku ya soko. Alibeba kikapu ili waseme ameenda kununua vitunguu. Alipimwa, yuko salama. Alikaa kwenye benchi letu akala ndizi, akaniambia hajawahi kukaa mahali hakuna anayemwita amwandalie kitu.

Lakini sasa ufunguo wa pikapu uko kwa Koome, na geti, na wanunuzi. Koome anakohoa tangu mvua zile. Nilimwambia, akasema ni vumbi. Sista alimpigia, akakata simu. Nilimwambia mke wake, na jioni Koome akaja stoo akanishika shati. "Unanionea wivu kwa sababu nimefaulu. Ukitaja jina la ugonjwa huo tena hapa utarudi kwa Waislamu wako." Watoto wamekatazwa kuja kwangu. Usiku wanalala naye chumba kimoja, na dirisha linafungwa.

Ninyi mnaosoma haya hapo kwenye benchi, najua kuna mmoja ambaye alikataa kabisa kuja, na mtu akamleta. Huyo mtu alikuambia nini? Mimi maneno yangu yote nimeyatumia kwa Baba na hayakufaa. Andika hayo uliyoambiwa, hata kama ni mstari mmoja, hata kama yalikuwa matusi. Mwachie sista, atanifikishia, nami nitamwambia Koome vile vile yalivyo. Lakini msikawie, kwa sababu yule mtoto mdogo wa Koome ameanza kukohoa wiki hii.